Kumuongezea Mama Akoth

Wiki mbili baada ya kumzika Mama Akoth kwao kando ya ziwa, nilienda Kawangware kumwona bintiye, nikamkuta mezani akinunua oveni kwa simu. Nilikuwa nimebeba mkate na majani chai, kama mtu anavyokwenda kwa wafiwa, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya pole. Akoth alinipokea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. "Anti, karibu, kaa hapo. Usiskie vibaya, hii kitu imebakisha saa moja tu." Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha ya oveni ya gesi, ya milango miwili, imekwaruzika ubavuni, na chini yake bei, na saa inayohesabu ikirudi nyuma. Hoteli fulani ilikuwa imefungwa, akanieleza, na vitu vyake vinanadiwa mtandaoni: trei, mizani, mikebe ya keki, mpaka mapipa ya unga. Mtu anaandika bei yake akiwa kwake, amevaa ndara, hakuna anayemwona. Nikamuuliza mbona yeye haandiki. "Nikibid saa hii watajua niko na njaa. Nangoja dakika ya mwisho." Alisema hivyo bila kubadilisha uso, na mimi nikaujua uso ule. Mama yake alikuwa akiuvaa siku za mnada, uso wa mtu aliyepita tu kuuliza njia.

Nikakaa, na zile pole nilizozipanga zikapotea. Kuna jambo moja kuhusu oveni na mnada ambalo nilikuwa nimelificha tangu mwaka wa tisini na sita, na niliyekuwa nalificha pamoja naye tulikuwa tumemfukia juzijuzi. Mtu ukibaki peke yako na siri ya watu wawili inakuwa nzito ghafla. Nilimwangalia Akoth akipangusa kioo cha simu kwa ncha ya leso, nami nikarudi Kibera bila kunyanyuka kitini.

Jinsi nilivyofika Nairobi si hoja. Wengi tulifika vivyo hivyo, na nani alizaliwa na nani hakumsaidii mtu kuumua unga. Ninachokumbuka ni chumba. Kilikuwa Soweto West, mlango wa tatu ukiingia kwenye ploti, kuta za udongo zilizovikwa magazeti ndani, bati juu. Pazia la maua liligawa chumba sehemu mbili: upande mmoja kitanda cha Mama Akoth na Akoth, ambaye alikuwa na miaka minne na kelele za watu kumi, upande wa pili godoro langu, na unga. Ndiyo, nililala na unga. Magunia mawili yaliwekwa juu ya mbao ili panya wapate taabu kidogo. Kwenye boriti ilining'inia mikebe ya kuokea, ya mviringo, ya mraba, na mmoja wa umbo la moyo ambao Mama Akoth hakuruhusu mtu auguse bila kunawa. Chumba kizima kilinuka vanila na makaa. Hata leo nikipita mahali nikakutana na harufu hizo mbili kwa pamoja, miguu husimama yenyewe, na anayenifuata nyuma hunigonga.

Ukuta wetu wa kushoto tulishiriki na mlinzi mmoja na mkewe, waliogombana kila jioni kuhusu chumvi. "Umetia mara mbili." "Sijatia hata mara moja." "Basi aliyetia ni nani, chifu?" Nyuma ya ukuta wa kulia alikaa mama mmoja mzee, Mama Salome, ambaye aliomba kwa sauti kila alfajiri, akiwataja majirani mlango kwa mlango. Sisi tulisikiliza tukichapa mayai. Akifika mlango wetu tulinyamaza ili tujue tunaombewa nini. "Na yule mama wa keki, Baba, mtulizie kifua. Mpe stovu, Baba. Hata ya mkono wa pili." Mama Akoth alikuwa akijibu "Amina" polepole, kisha anakohoa, na pole ikatoka upande wa pili wa ukuta kabla hajamaliza kukohoa.

Stovu ndiyo iliyokuwa dua ya ploti nzima, kwa sababu kila mtu aliona alivyokuwa akioka. Nje ya mlango, chini ya upenu, kulikuwa na pipa lililolazwa na kukatwa mlango, makaa chini yake na makaa juu ya mgongo wake. Mama Akoth aliinama mbele ya pipa lile kutoka asubuhi hadi saa nane mchana, akigeuza trei kwa vitambaa vilivyoungua, macho mekundu, akikohoa ndani ya kiwiko ili asikohoe juu ya keki. Keki zake ndogo zilifika mpaka Kambi Muru, na skonzi zake zilikuwa laini kiasi kwamba wazee wasio na meno walituma watoto wazifuate. Mwanzoni mwa mwaka ule alikwenda zahanati, nami nikaenda naye. Daktari alimsikiliza mgongo akamwambia aachane na moshi, ama kifua kitamfungia. Mama Akoth akavaa blauzi yake taratibu. "Daktari, nikiacha moshi nile nini?" Yule daktari alikuwa kijana, akaangalia chini. Njiani tukirudi Mama Akoth akasema, kama anayezungumza na barabara, "Lazima nipate oveni ya gesi kabla mwaka haujaisha. Nyathina, utanisaidia kutafuta." Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. Mimi si Mjaluo na sikuwa mwanawe, lakini aliponiita hivyo niliitika haraka kuliko nilivyoitikia jina langu, Nekesa.

Dukani oveni mpya tuliiangalia kupitia dirishani tu, tukacheka, tukaenda zetu. Njia ya mtu kama Mama Akoth ilikuwa mnada. Mkahawa ukifungwa, mwenye bekari akishindwa, madalali huchukua vitu na kuvinadi, na hapo ndipo wanawake wenye mapipa walipopatia mikebe na trei. Kufa kufaana. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilisoma Kiingereza, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa matangazo ya mnada. Gazeti hatukununua. Nilimpelekea muuza magazeti skonzi moja ya moto, naye aliniacha nifungue kurasa za nyuma nikiwa nimesimama, bila kulikunja. Nilipita juu ya magari, nyumba, ng'ombe wa maziwa, mpaka nione neno linalofanana na unga. Nikilipata nilirudi mbio, na Mama Akoth alisimama kutoka kwenye pipa mkono kiunoni. "Soma tena. Wamesema trei ngapi?"

Siku moja kabla ya mnada ilikuwa siku ya kukagua, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Tuliingia yadini na wengine, tukaruhusiwa kugusa. Mama Akoth aligonga mkebe kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Kutu ya juu haikumtisha. Kutu ya kwenye mshono ilimfanya aweke mkebe chini bila neno. Alinusa kila trei, maana kuna watu walikuwa wamechanganyia rangi ya mlango humo. Hamira iliyopita tarehe aliipima kwa namna yake: alikuja na chupa ndogo ya maji vuguvugu yenye sukari, ameiweka kifuani isipoe, akatia chembe za hamira kwenye kifuniko, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. "Ikiamka kabla ya ubeti wa tatu, iko hai. Ikingoja ubeti wa nne, hiyo ni maiti, wacha ilale." Madalali walimzoea. Mmoja alikuwa akimsaidia kuitikia.

Si kwamba hatukukosea. Mwezi wa tano tulinunua katoni ya rangi za keki iliyofungwa, ambayo sheria yake ilikuwa huwezi kufungua kabla ya kununua. Kwenye karatasi ya nje walichora upinde wa mvua. Tulipofungua nyumbani, chupa zote sitini zilikuwa za kijani. Miezi miwili keki zetu zilikuwa kijani, za harusi, za ubatizo, za mchana wa kawaida, na watoto wa Soweto West wakaziita keki za sukuma wiki. Mama Akoth hakujali. "Wakicheka wanakuja karibu. Wakikuja karibu wananunua." Na walinunua.

Siku yenyewe ya mnada sikuingia. Hili ni lazima niliseme vizuri, kwa sababu ndilo linalonitetea, kama kuna kinachonitetea. Mama Akoth aliingia peke yake, na mimi nilibaki langoni na beseni la mandazi, nikiwauzia hao hao waliokuja kushindana naye. Nilisikia fimbo ya dalali ikigonga pipa, nikasikia vicheko, halafu nikamwona anatoka amebeba trei kichwani. Mwaka mzima sikuwahi kuona mnada wa madalali kwa macho yangu. Mnada nilioujua ulikuwa ule wa kanisani.

Kanisa letu lilikuwa Kambi Muru, na mwezi wa saba tulikuwa tukichangisha pesa za sakafu. Watu walileta walichonacho: jogoo, mkungu wa ndizi, kikapu cha mayai. Mimi nilileta keki, ya kwanza niliyoipika bila Mama Akoth kuigusa, ya kijani bila shaka, imeinama kidogo upande mmoja. Mzee wa kanisa akaiinua. Kwa wasiojua, mnada wa kanisa ni hivi: mtu anataja kiasi chake, kisha anaulizwa nani anamuongezea. Anayeinua mkono anatoa chake, kinawekwa juu ya kile cha kwanza, na hesabu inapanda kwa mikono ya watu wengi, lakini kitu kinabaki cha yule wa kwanza. Kumuongezea mtu ni kusema mbele ya watu kwamba mtu huyu ni wetu. Ukitaja kiasi chako na hakuna anayekuongezea, unasimama hapo na aibu yako kama uliyekuja arusini bila kualikwa. Mama Akoth akasimama akataja shilingi mia kwa keki yangu. "Nani anamuongezea Mama Akoth?" Kimya. Bati likalia kwa joto. Nilisikia shingo yangu inaungua, si kwa ajili ya keki, kwa ajili yake, amesimama peke yake na leso yake ya manjano. Halafu Mama Salome akajikongoja kutoka benchi la nyuma. "Mimi naongeza ishirini." Na baada yake kumi, na hamsini, na tano ya mtoto, kanisa likafunguka. Mama Akoth akaipokea keki akampa mke wa pasta, mke wa pasta akairudisha inadiwe tena, ikauzwa mara nne kabla watoto hawajaila wote. Nilirudi nyumbani nimejawa na furaha, lakini kile kimya cha mwanzo sikukisahau. Niliapa moyoni kwamba mimi nikiwepo, Mama Akoth hatasimama tena kwenye kimya kama kile.

Mwezi wa kumi tukapata chumba. Kilikuwa hapa Kawangware, kwenye ploti ya Mzee Njuguna, chumba cha mawe chenye stima, kilichokuwa bucha zamani, na ukuta wake wa ndani ulikuwa na vigae vyeupe mpaka kimo cha bega. Mama Akoth alipitisha mkono juu ya vigae vile kutoka pembe moja hadi nyingine. Mzee Njuguna alikuwa mtu wa maneno machache, koti refu hata jua likiwaka. "Mama, mimi keki yako nimekula. Nitakushikia hii nyumba mpaka Krismasi. Lakini moshi hapana. Ukuje na stovu ama usikuje." Kuanzia siku hiyo tulipanga kile chumba usiku na mchana. Tulipokula, sukuma na ugali na zile dagaa zilizotumwa kutoka nyumbani, Mama Akoth alichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani: oveni hapa, meza hapa, Nekesa hapa karibu na dirisha kwa sababu anapenda kuchungulia watu. Akoth akauliza yeye atakaa wapi. "Wewe utakaa shule." Alilia kwa hasira, tukacheka. Nikikumbuka mwaka ule, si mnada ninaoutamani, na wala si ujana. Ninatamani ile meza yenye unga na kidole chake kikinipa mahali pa kukaa.

Tangazo lenyewe nililiona mwezi wa kumi na moja. Bekari moja ilikuwa imefungwa na kulikuwa na oveni ya gesi ya milango miwili. Siku ya kukagua Mama Akoth aliizunguka mara moja tu, akaingiza kichwa ndani, akakaa humo muda mrefu mpaka nikadhani amekwama. Alipokitoa alikuwa na masizi puani. "Ni hii," akasema, bila kuitazama tena. "Usiiangalie, Nekesa. Macho ya mtu ndio inamuuza. Angalia ile ndoo." Tukasimama tunakagua ndoo kwa makini, sote wawili. Asubuhi ya mnada alivaa rinda lake la zamani ili asionekane mwenye pesa, akajifunga ile leso ya manjano, akaweka kila kitu alichokuwa nacho ndani ya kitambaa kifuani, pale pa chupa ya hamira. Mandazi tulibeba, lakini tulipofika langoni akanishika kiwiko. "Leo uingie na mimi. Nataka uone ikiwa yetu."

Yadi ilikuwa upande wa viwandani, jua kali, vyuma kila mahali. Nilisimama nyuma na beseni langu; yeye alijipenyeza mbele. Dalali alikuwa mwembamba mwenye sauti ya mtu wa miraba minne, na fimbo. Walianza na mikebe, wakaja mizani, kisha akaigonga oveni. "Hii imefanya kazi mpaka siku ya mwisho! Nani ananipa elfu kumi?" Walikuwepo ndugu wawili wa vyuma chakavu, waliotaka kuinunua waivunje wauze kwa kilo, na bwana mmoja mwenye hoteli, koti la kahawia, gazeti kwapani. Ndugu wa vyuma waliacha mapema. Bwana wa koti alipanda na Mama Akoth hatua kwa hatua, yeye akinyanyua gazeti, Mama Akoth akinyanyua kidole kimoja tu. Mama Akoth alipofikisha elfu kumi na nane, bwana yule akatikisa kichwa, akageuka kwenda kuangalia mashine ya kuchanganyia unga. "Elfu kumi na nane kwa mama wa leso ya manjano," dalali akasema. "Kuna mwingine? Mara ya kwanza."

Yadi ikanyamaza. Niseme nini? Nilikijua kimya kile. Niliiona ile leso peke yake katikati ya migongo ya wanaume, na hakuna hata mmoja aliyemjua, hakuna Mama Salome, hakuna benchi la nyuma. "Mara ya pili." Kwenye soksi nilikuwa na shilingi mia tano, pesa zangu mwenyewe, za viatu vya Krismasi. Nikaweka beseni chini. Nikainua mkono juu kabisa, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotarajia: "Mimi naongeza mia tano!"

Watu wakageuka. "Kumi na nane na nusu!" dalali akapaza sauti, amefurahi. "Msichana wa nyuma!" Mama Akoth akageuka pia, na mimi, Mungu anisamehe, nikamtabasamia. Nilitabasamu meno yote nje. Nilidhani mshangao uliokuwa usoni mwake ni ule wa mtu aliyegundua ana watu. Yule bwana wa koti alisimama, akatazama oveni, akanitazama mimi, akaona kwamba kumbe bado kuna wanaoitaka, akarudi. "Kumi na tisa." Mama Akoth akageukia mbele. "Na nusu," akasema, na mara hii alisema kwa mdomo, si kwa kidole, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kifuani mwake. "Ishirini," bwana akasema. Kimya kikarudi, na mimi nikainua mkono tena. Sikuwa na kitu zaidi ya ile mia tano, lakini niliinua. Nikaona watu wanasukumwa pembeni, Mama Akoth anakuja kwangu moja kwa moja, haraka bila kukimbia. Akaushika mkono wangu uliokuwa juu, akaushusha polepole mpaka ubavuni, akakaa ameushika vivyo hivyo. Fimbo ikagonga. Oveni ikaenda hotelini.

Tulikaa juu ya kreti nje ya lango tukala mandazi yetu wenyewe. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia kweli. "Nekesa, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakuongezea. Hakuna mtu alikuwa anakuongezea."

Akanitazama. Niliona ikimwingia, kanisa, keki ya kijani, Mama Salome, kila kitu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kikamtoa machozi, na nilipomwona akijifuta kwa ile leso sikuweza kujua tena yapi ni ya kicheko. "Woi, nyathina. Woi. Huku wakinyamaza ndio unashinda." Nikaanza kulia. Akanipa andazi. "Kula. Maji imemwagika. Na hii maneno inabaki hapa, kwa hii kreti. Umeskia?"

Ikabaki pale. Tulipofika kwenye ploti, sauti ya Mama Salome ilitupokea kupitia ukutani kabla hatujakaa. "Mama Akoth, na stovu?" Naye akajibu, "Kulikuwa na mtu wa hoteli, ako na pesa mingi." Kila mtu akasema pole, mlinzi na mkewe waliacha chumvi usiku ule wakamlaani mtu wa hoteli, nami nilikaa nyuma ya pazia na unga wangu, nikanyamaza. Tulikwenda kumwambia Mzee Njuguna. Alivua kofia. "Pole, mama. Ningengoja, lakini na mimi niko na watoto wa shule." Mwezi wa kwanza kile chumba kilikuwa saluni, wamebandika vioo juu ya vigae. Mama Akoth alirudi kwenye pipa. Mvua za mwezi wa nne zilipokuja kifua kikamshinda, akafunga mikebe kwenye gunia, akamshika Akoth mkono, akaenda kwao. Mkebe wa moyo aliniachia. Mimi niliingia kazini kwenye bekari kubwa mjini, yenye oveni ambazo mtu anaweza kusimama ndani, na kila nilipofungua mlango wa mojawapo nikapigwa na joto safi lisilo na moshi, nilimkumbuka na masizi yake puani. Nilienda kumwona mara chache, chache mno. Kila mara nilisema ndani yangu kwamba safari ijayo nitamwomba msamaha, ila kwanza nimnunulie oveni, niende na kitu mkononi. Nilipokuwa na uwezo wa kuinunua, yeye hakuwa tena na kifua cha kusimama jikoni. Siku hizi najua kwamba msamaha hauhitaji kubebewa zawadi. Nimejua nimechelewa.

"Anti." Akoth alikuwa ananitazama. "Mbona umekalia mikono?"

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimeikalia yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Saa kwenye simu ilikuwa imebakisha dakika tatu. Akoth akaanza kucheka, na kicheko kile nacho nilikijua. "Usiniambie unaogopa utaniongezea."

"Mama yako alikuambia?"

"Kila Krismasi! Tukishakula, anasimama, anaweka beseni chini, anainua mkono. 'Mimi naongeza mia tano!' Sauti yako kabisa. Wajukuu walikuwa wanamuitisha kama wimbo."

"Na alikuwa anamaliza na kusema nini?"

Akoth akaichungulia saa ya simu. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kioo. "Alikuwa anasema Nairobi ameishi miaka kumi na mbili, na ni siku moja tu mtu alimsimamia mbele ya watu hawamjui. Halafu anasema, 'Lakini ile oveni, woi, ilikuwa nzuri.'"

Dakika ikabaki moja. Akaandika bei yake. Mtu mwingine, popote alipokuwa na ndara zake, akaandika zaidi. Akoth akauma mdomo, akaandika tena. "Hiyo ndio ya mwisho, Anti. Hata ya kuibeba kutoka huko sina." Chumba kikanyamaza. Nilizidi kuikalia mikono yangu, nikitazama namba zikipungua, kumi, tisa, nane, na nilikiombea kile kimya kiendelee, nilikiombea kwa sauti ya Mama Salome. Simu ikatikisika. Akoth akafunika uso kwa leso.

"Imeisha?" nikamuuliza. "Fimbo imegonga? Hakuna mtu anaweza kuingia tena?"

"Imegonga, Anti. Ni yetu."

Ndipo nikaitoa mikono. Ilikuwa imekufa ganzi, ikanichukua muda kuifungua simu yangu na kuandika namba yake. Simu yake ikalia ule mlio wa pesa kuingia. Akaitazama, akaitazama tena. "Anti, na hii ni ya nini?"

"Naongeza," nikasema. Nikainua mkono juu kabisa, kama kanisani, nikakaa nao pale juu, kwa sababu wa kuushusha hakuwepo tena.